UZI: Chuo chenu kimealikwa kwenye andiko la Horizon Europe? Someni hapa kabla ya kutuma bajeti

Dawati_la_Ruzuku (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Mialiko ya Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, huwafikia wahadhiri wetu ikiwa imechelewa. Zimebaki wiki tatu mwito (tangazo la kuomba ruzuku) ufungwe, mratibu yuko Ulaya, sayansi imeshaandikwa, na kinachotakiwa kwetu ni jina la chuo, namba ya usajili na "kiasi cha bajeti kufikia Ijumaa". Mhadhiri anaandika namba moja nzima, tuseme euro 150,000, anatuma. Mradi ukipita, chuo kitaishi na namba hiyo miaka mitatu minne bila kujua ilipatikanaje. Hapo ndipo vyuo vyetu vinapoumia, si kwenye ubora wa watafiti wetu. Nimeanzisha uzi huu ili tuweke mezani namba halisi na karatasi halisi.

Kwanza haki yetu. Mpango huu ni wa 2021 hadi 2027. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko kwenye orodha ya nchi ambazo taasisi zake zinalipwa moja kwa moja na Umoja wa Ulaya, isipokuwa mwito wenyewe useme vinginevyo. Kwa hiyo mtu akikuambia "nyinyi mtaingia bila fedha kwa kuwa hamko Ulaya", si kweli.

Ila hatuhesabiwi kwenye kile kima cha chini cha washirika. Sharti la kawaida ni taasisi tatu zinazojitegemea kutoka nchi tatu tofauti ambazo ni wanachama wa Umoja au zimejiunga na mpango, na angalau moja iwe ndani ya nchi mwanachama. Sisi tunaongezwa juu ya hizo tatu.

Pili, ulizeni mnaingia kwa cheo gani, kwa maandishi. Mshirika kamili anasaini mkataba wa ruzuku, analipwa, anakaguliwa. "Mshirika mwandamizi" kwa tafsiri za haraka haraka (Kiingereza "associated partner") ni yule anayefanya kazi bila kupata senti ya Umoja wa Ulaya. Anatajwa kwenye andiko, lakini safu yake ya fedha ni sifuri. Mkandarasi analipwa kwa ankara tu na hana sauti kwenye matokeo wala haki za ugunduzi. Vyeo hivi vitatu vinafanana sana kwenye barua pepe ya mwaliko. Kama chuo kitakusanya sampuli, kuchambua data na kuandika makala, dai cheo cha mshirika kamili.

Tatu, PIC, ile namba ya tarakimu tisa ya taasisi. Kabla ya kusajili mpya, tafuta kwenye lango la maombi la Tume ya Ulaya kwa jina la chuo, kifupi chake na jina la zamani. Vyuo vingi tayari vina PIC mbili au tatu zilizofunguliwa na idara tofauti. Itumike ile iliyohakikiwa.

Karibuni tuendelee.

---

Mwalimu_wa_Udongo

Asante sana mkuu. Mimi swali langu ni la siku za watu. Fomu inataka "miezi-mtu". Mhadhiri ana vipindi, ana wanafunzi wa shahada ya uzamili, halafu nimwandikie miezi mingapi? Na mshahara wake nauhesabu vipi?

---

Bursa_wa_Zamani

Mwalimu, tenganisha vitu viwili. Miezi-mtu, yaani miezi ya kazi ya mtu mmoja, ni ya kupangia kazi kwenye andiko. Malipo yenyewe yanadaiwa kwa siku, na mwaka mzima una siku 215. Namba hiyo imewekwa na mkataba.

Chukua gharama ya mtumishi kwa mwajiri kwa mwaka: mshahara ghafi, pamoja na mchango wa mwajiri PSSSF ya pensheni (asilimia 15), NHIF ya bima ya afya (asilimia 3) na WCF ya fidia kwa wafanyakazi. Tuseme jumla ni TSh 64,500,000. Gawanya kwa 215, unapata TSh 300,000 kwa siku. Akifanya siku 60 kwa mwaka kwa miaka mitatu, ni siku 180, yaani TSh 54,000,000. Kwa kiwango cha mfano cha TSh 3,000 kwa euro, hiyo ni euro 18,000.

Makosa ninayoyaona mara nyingi ni haya. Watu wanachukua mshahara anaopokea mkononi badala ya gharama ya mwajiri, hivyo chuo kinajipunja tangu mwanzo. Wengine wanaweka "honoraria" ya dola mia kadhaa kwa siku kwa kuwa mshirika wa Ulaya ana kiwango kikubwa. Hilo halipiti. Nyongeza ambayo chuo kinampa mtu kwa sababu tu fedha ni za Ulaya, wakati kwenye miradi ya ndani hakuna utaratibu huo, itakatwa.

Halafu karatasi ya siku. Inajazwa kila mwezi, inasainiwa na mhusika na msimamizi wake. Iwe na jina, namba ya mkataba, mwezi, siku alizofanya kazi ya mradi na kifurushi cha kazi (sehemu ya mradi, "work package") kilichohusika. Mkaguzi akiifungua anaanza kwa kuilinganisha na vitu vitatu: likizo, safari na ratiba ya mitihani. Ukiandika siku ya kazi ya maabara Mei 14 na hati ya safari inasema Mei 14 ulikuwa Mtwara kwenye semina nyingine, siku hiyo imekwenda, na kuanzia hapo atazitilia shaka nyingine zote. Karatasi za miezi 18 zilizosainiwa siku moja kwa kalamu moja zinajulikana kwa kuangalia tu.

Na mtu mmoja hawezi kuzidi siku 215 kwa mwaka kwenye miradi yote ya Umoja wa Ulaya ikijumlishwa. Kwa profesa mwenye miradi minne, lazima mtu mmoja chuoni awe na jedwali lake la jumla.

---

Mwalimu_wa_Udongo

Na posho za vikao? Wakulima na maafisa ugani wanakuja kwenye warsha.

---

Bursa_wa_Zamani

Nauli, chakula na malazi ya washiriki wa nje, kwa viwango ambavyo chuo hutumia siku zote na kwa saini ya mahudhurio, weka kwenye gharama za usafiri na warsha. Posho ya kikao kwa mtumishi wa mradi ambaye siku hiyo hiyo umeidai kama siku yake ya kazi ni kulipa mara mbili. Usiiweke.

---

Dawati_la_Ruzuku

Nimalizie hesabu, maana hapa kwenye asilimia 25 ndipo tunaponyimwa chetu.

Kwenye miradi ya utafiti na ubunifu Umoja wa Ulaya unalipa asilimia 100 ya gharama za moja kwa moja, kisha unaongeza asilimia 25 kwa gharama za jumla za chuo: umeme, ofisi ya fedha, intaneti, ulinzi. Hizi huzitolei risiti. Lakini asilimia hiyo haipigwi juu ya kazi uliyompa mkandarasi.

Mfano wa chuo kimoja, kwa euro:
Watu 90,000. Safari na warsha 20,000. Vitendanishi na vifaa vya kutumika 30,000. Uchakavu wa mashine 10,000. Mkandarasi wa kuchora ramani 15,000. Jumla ya moja kwa moja ni 165,000. Toa mkandarasi, unabaki na 150,000. Asilimia 25 yake ni 37,500. Jumla kuu 202,500.

Ukikosea ukapiga asilimia 25 juu ya 165,000 utapata 41,250, umezidisha 3,750. Ukiiacha kabisa, umekiacha chuo bila 37,500. Na kuna waratibu wanaosema "kwa washirika wa Afrika tunaweka asilimia 7". Kanuni ya mkataba ni 25 kwa kila mshirika kamili, popote alipo. Mjibu kwa adabu, mtumie jedwali lenye 25, mwombe aoneshe kifungu kinachosema vinginevyo.

Ninasisitiza hili kwa sababu zile 37,500 ndizo zinazolipa mafuta ya jenereta ya friji la sampuli mradi wenyewe unapokuwa haukumbuki kwamba friji lipo.

---

Fundi_Maabara_Moro

Mashine je? Tunahitaji mashine ya euro 24,000. Naiweka yote?

---

Bursa_wa_Zamani

Kwa kawaida unadai uchakavu tu, isipokuwa mwito umeruhusu bei kamili. Tuseme sera ya mali ya chuo inasema mashine hiyo inadumu miaka minne: euro 24,000 kwa miezi 48 ni 500 kwa mwezi. Ukiinunua mwezi wa 6 wa mradi wa miezi 36, unabakiwa na miezi 30, unadai 15,000 kama inatumika kwa mradi peke yake. Ikitumika nusu kwa mradi na nusu kwa mafunzo, ni 7,500.

Sasa weka ucheleweshaji wetu. Maelezo ya kiufundi yakachelewa, zabuni kwenye NeST (mfumo wa manunuzi wa serikali mtandaoni) ikarudiwa, mzigo ukakaa bandarini kusubiri msamaha wa kodi, mashine ikafungwa mwezi wa 30. Unadai miezi 6, yaani 3,000. Euro 21,000 zinabaki mgongoni kwa chuo. Kwa hiyo maelezo ya kiufundi yaandikwe wakati wa kuandika andiko, na manunuzi yaingie kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka wa fedha unaoanza Julai, si baada ya fedha kufika. Kama kuna mshirika mwenye mashine hiyo tayari, au maabara ya jirani inayokodisha kwa saa, mara nyingi kukodi kunatoka nafuu.

---

Pwani_Nyali

Hujambo wote, niko upande wa Kenya. Mambo ya siku 215 na 25% ni sawa kwetu pia. Naongeza mawili.

Saa ya kufunga mwito ni saa 11 jioni ya Brussels. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa 1 usiku wakati wa baridi yao, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba ni saa 12 jioni. Mtu akizoea saa moja usiku, mwito wa Aprili au Septemba unampita kwa dakika sitini. Na mkiandikiana na mratibu, msiandike "saa kumi na moja" bila mji.

La pili, mfumo unaruhusu kutuma andiko mara nyingi kabla ya saa ya kufunga. Toleo la mwisho lililotumwa ndilo linalosomwa. Tumeni toleo zima siku mbili kabla, halafu boresheni. Sehemu A inajazwa mtandaoni na kila mshirika ana ukurasa wake, Sehemu B ni PDF. Idadi ya kurasa imeandikwa kwenye kiolezo cha mwito huo. Kurasa zinazozidi hufichwa na mfumo, mtathmini hazioni kabisa. Kama kazi ya nyanjani imewekwa ukurasa wa mwisho na andiko limezidi, chuo chenu ndicho kinachofutika.

Kwa vibali Kenya: leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) chini ya sheria ya 2013, kamati ya maadili iliyoidhinishwa nayo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 mkikusanya taarifa za watu.

---

Bukavu_Ziwani

Ndugu zangu, sisi hapa Kivu tunafundisha na kuandika kwa Kifaransa. Mratibu anatuambia lazima yote iwe Kiingereza. Ni kweli?

---

Dawati_la_Ruzuku

Ndugu, andiko linaweza kutumwa kwa lugha yoyote rasmi ya Umoja wa Ulaya, na Kifaransa kimo. Miungano mingi inachagua Kiingereza kwa sababu washirika na watathmini wengi wanakisoma, na huo ni uamuzi wenu, si sharti. Njia inayofanya kazi: mwandike sehemu yenu kwa Kifaransa kizuri, mratibu alipie tafsiri, nanyi muisome tafsiri kabla haijatumwa. Msikubali kazi yenu ifupishwe kuwa mistari miwili kwa sababu ya lugha.

---

Mama_Maadili

Naomba niingie kwenye vibali vya Tanzania, maana kwenye andiko huwa vinaandikwa "vitapatikana mwezi wa kwanza" na si hivyo.

Andiko lina kipengele cha kujitathmini kimaadili. Kazi ikifanyika nje ya Umoja wa Ulaya, kama kuna sampuli au data zinazotoka nchini, weka "ndiyo" na ueleze. Ukiweka "hapana" ili mambo yaende haraka, yatarudi wakati wa kuandaa mkataba na kuchelewesha kila mtu.

Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na kinahitaji mshirika wa ndani aliyetajwa. Baada ya hapo kuna kibali cha ukaazi daraja C kutoka Uhamiaji. Hizi ni ada mbili na safari mbili. Ziwekwe kwenye bajeti ya mshirika wa Ulaya anayemtuma mtu wake, si kwenye yenu. Utafiti wa afya unapita kamati ya maadili ya chuo kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Wanyamapori ni TAWIRI pia, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Zanzibar ina mamlaka zake, na kwa afya kuna kamati ya maadili ya ZAHREC. Kibali cha Bara peke yake hakikupi ruhusa ya kuchukua damu Pemba.

Sampuli zikivuka mpaka panatakiwa mkataba wa kuhamisha sampuli, uliosainiwa kabla hazijafungwa kwenye barafu kavu. Usome mambo manne: zinakwenda kupimwa nini, nani anaruhusiwa kuzitumia tena, zikibaki zinarudi au zinateketezwa, na nani anaandikwa kwenye makala. Mkataba unaosema "kwa utafiti wa baadaye" bila mipaka msiusaini. Damu ya watu wa Kilosa au Handeni haikutolewa kwa ajili ya utafiti ambao hakuna aliyewaeleza.

Data nazo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Mratibu atawapa fomu ya sheria ya Ulaya, na mnahitaji zote mbili. Mpango wa kutunza data unatakiwa ndani ya miezi 6 ya kwanza. Andikeni humo kwamba nakala kamili inakaa kwenye seva ya chuo chenu.

Kwa ratiba, mimi hupanga kifurushi cha kwanza cha kazi kiwe cha vibali, dodoso na mafunzo ya wakusanya data, na kazi ya nyanjani ianze mwezi wa 8 au 9. Muangalie pia masika na vuli. Kukusanya sampuli za udongo Kilombero mwezi Aprili, gari haliingii.

---

Mwalimu_wa_Udongo

Mama, asante. Fedha zenyewe zinakuja lini na zinakuja zote?

---

Bursa_wa_Zamani

Haziji zote. Tume inatakiwa kutoa matokeo ndani ya miezi 5 tangu mwito ufungwe, na mkataba usainiwe ndani ya 3 mingine. Kisha mratibu anapokea malipo ya awali na kuwagawia washirika. Kwenye malipo hayo hukatwa mchango wa mfuko wa dhamana ya pamoja, kwa kawaida asilimia 5 ya ruzuku, nao unarudishwa mwishoni. Na malipo ya awali na ya katikati kwa jumla, kwa desturi, hayazidi asilimia 90 ya ruzuku. Kumi ya mwisho inakuja baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa. Kwenye bajeti yetu ya 202,500, takribani 20,250, mbali na ule mchango wa dhamana, zitachelewa miezi baada ya kazi kwisha. Chuo lazima kiwe na mahali pa kuikopa hiyo, la sivyo wasaidizi wa utafiti wanakaa bila mshahara.

Shilingi haimo kwenye orodha ya sarafu ambazo Benki Kuu ya Ulaya hutangaza kila siku. Kwa hiyo gharama za shilingi mnazigeuza kwa wastani wa viwango vya kila mwezi vya Tume yenyewe, vinavyoitwa InforEuro, kwa kipindi chote cha ripoti. Si kiwango cha benki siku fedha zilipoingia. Mhasibu akitumia cha benki, ripoti yote inarudi.

Masurufu ndiyo yanayoua ripoti. Mtu kachukua TSh 4,000,000 za nyanjani Februari, hajarejesha hadi Juni, kipindi cha ripoti kimefungwa. Kilichopo ni hati ya malipo ya kuchukua fedha, na hiyo haioneshi matumizi. Toeni masurufu ya safari moja moja, na msitoe ya pili kabla ya kwanza kurejeshwa na risiti za EFD. Fundi wa kijijini au mwenye bodaboda asiye na EFD, andaeni fomu yenye jina, kazi, kiasi, tarehe na saini.

Sehemu yenu ikifika euro 430,000 mtahitaji cheti cha mkaguzi wa nje mwishoni. Nyaraka zitunzwe miaka 5 baada ya malipo ya mwisho. Maboksi yaandikwe nje namba ya mkataba.

---

Fundi_Maabara_Moro

Mwito wetu unasema ni wa "kiasi maalumu" (lump sum). Yote haya bado yanahusu?

---

Dawati_la_Ruzuku

Sehemu tu. Kwenye kiasi maalumu Tume hailipi kwa risiti, inalipa kifurushi cha kazi kikikamilika. Hamtapeleka karatasi za siku kwao, ingawa sheria za ndani za fedha na wakaguzi wa serikali wanabaki palepale. Bajeti ya andiko bado inajazwa kwa kina kwenye faili la Excel, na watathmini wanaikagua.

Hatari yake ni hii: kifurushi kisipokamilika, sehemu yake hailipwi katika kipindi hicho, hata kama nyinyi mmemaliza ya kwenu na aliyekwama ni mshirika mwingine. Kifurushi cha "kazi ya nyanjani" kinachoanza mwezi wa 1 hadi wa 48 maana yake fedha zake zinafungwa hadi mwisho. Kigawanyeni kufuata vipindi vya ripoti: nyanjani ya kwanza, nyanjani ya pili. Mlete hoja hiyo wakati andiko linaandikwa, baadaye ni vigumu kubadilisha.

Kuhusu alama: ubora, athari na utekelezaji, kila kimoja hadi 5. Kwa kawaida chini ya 3 kwa kimoja au chini ya 10 kwa jumla ya 15, andiko limeanguka. Chuo chetu kina uzito mkubwa kwenye athari. Badala ya "tutashirikisha wadau", andikeni ni halmashauri ipi, idara gani, itatumia matokeo kwenye uamuzi gani, mwaka gani wa bajeti. Ombeni pia kuongoza angalau kifurushi kimoja. Mshirika mwenye miezi-mtu 30 asiyeongoza chochote huonekana kama mkusanya data, na watathmini huandika hivyo.

---

Pwani_Nyali

Saini je? Kwetu makamu wa chansela akisafiri kila kitu kinasimama.

---

Dawati_la_Ruzuku

Saini zote ni za kielektroniki ndani ya lango. Mwakilishi wa chuo kwenye lango hilo, yule anayeitwa LEAR, anateuliwa mara moja kwa barua na vitambulisho. Yeye ndiye anayewasajili wenye mamlaka ya kusaini mikataba na wenye mamlaka ya kusaini hesabu. Sajilini wawili wawili, mmoja akiwa safarini mwingine yupo, kila mmoja na akaunti yake na simu yake. Mkataba mkuu ukishaanza kutumika, mshirika ana siku 30 za kusaini fomu ya kujiunga. Mkataba wa ushirika baina yenu ninyi kwa ninyi, mara nyingi kwa kiolezo cha DESCA, upelekeni kwa mwanasheria wa chuo mapema, mwezi ule matokeo yanapotoka. Hakikisheni una siku ambazo mratibu lazima awe ameshawatumia fedha baada ya kuzipokea. Kwenye mkataba mkuu ni "bila kuchelewa". Wekeni namba, siku 30.